Msokoto wa kando: Kwa nini boriti ya chuma huanguka bila kuvunjika

ASUBUHI ya Jumamosi, Aprili 23, 1988, wakazi wa mji wa Burnaby, mkoani British Columbia nchini Kanada, walifurika katika supamaketi mpya ya Save-On-Foods iliyokuwa ikifunguliwa rasmi siku hiyo. Juu ya paa la duka hilo palikuwa na uwanja wa kuegesha magari.

Dakika chache baada ya milango kufunguliwa, mlio mkubwa ulisikika na maji yakaanza kububujika kutoka kwenye bomba lililopasuka darini. Wateja na wafanyakazi walihimizwa waondoke upesi. Muda mfupi baadaye, sehemu ya paa iliporomoka pamoja na magari yapatayo 20 yaliyokuwa juu yake.

Watu 21 walijeruhiwa. Hakuna aliyefariki, jambo la kushukuriwa mno kwa kuwa mamia ya watu walikuwa dukani mlio huo uliposikika.

Serikali ya mkoa iliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Dan Closkey. Tume hiyo ilibainisha kwamba kiini cha mkasa kilikuwa usanifu. Boriti iliyohusika ilikuwa ndogo kuliko ilivyostahili kwa mzigo ule, na mahali ilipokutana na kichwa cha nguzo haikuwa imeshikiliwa ipasavyo ili isiyumbe upande.

Boriti ile haikukatika vipande viwili kama ambavyo mtu asiye na ujuzi angetarajia. Ilikwenda kombo. Wahandisi wana jina refu la hali hii ya boriti kupinda upande huku ikijisokota kwa wakati mmoja. Katika makala haya tutaiita msokoto wa kando.

Ni hatari inayofaa kueleweka na kila anayejenga kwa chuma, na hasa anayejenga paa au roshani inayochomoza nje ya nguzo zake. Paa la kituo cha mafuta, kibaraza cha duka, jukwaa la uwanja wa michezo na ghala lenye paa pana ni baadhi ya majengo ambayo boriti zake aghalabu huchomoza hivyo.

KUBANWA NA KUVUTWA

Boriti nyingi za chuma zina umbo la herufi I. Kipande cha juu kilicholala huitwa hapa ubapa wa juu, na kile cha chini ubapa wa chini. Bamba jembamba lililosimama kati yao tutaliita kiuno.

Boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili ikitwishwa mzigo katikati, hulegea kidogo na kushuka. Ubapa wa juu hubanwa, yaani chuma chake husongamana, ilhali ubapa wa chini huvutwa.

Chuma kinachovutwa hakina shida ya kukaa wima, kama vile kamba inavyonyooka inapovutwa. Kinachobanwa ndicho huleta matata. Bakora nyembamba ukiisimamisha sakafuni na kuiegemea kwa nguvu, hutokeza tumbo upande mmoja muda mrefu kabla haijavunjika. Mtaalamu wa hisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alieleza kanuni ya jambo hilo mnamo 1744.

Ubapa wa boriti unaobanwa hutaka kufanya vivyo hivyo. Hauwezi kupindia chini au juu kwa urahisi kwa sababu umeunganishwa na kiuno. Njia iliyobaki ni kutoroka upande. Lakini ule ubapa mwingine unaovutwa hautaki kusogea. Mmoja ukienda na mwingine ukibaki, boriti nzima hujisokota.

Na hapo boriti hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Imetengenezwa ibebe mzigo ikiwa imesimama wima. Ikiinama ubavu, uwezo wake huwa mdogo mno, na kwa kuwa mzigo haupungui, anguko huja ghafla.

Nadharia ya jambo hili ilichapishwa mwaka wa 1899 na watu wawili ambao kila mmoja alifanya kazi yake peke yake: Ludwig Prandtl nchini Ujerumani na A.G.M. Michell nchini Australia. Wote wawili walishughulikia boriti nyembamba za mstatili. Stephen Timoshenko wa Urusi ndiye aliyeiendeleza muda mfupi baadaye hadi ikahusu boriti za umbo la I.

PALE MAMBO YANAPOGEUKA

Katika jengo la kawaida, hatari hiyo hudhibitiwa bila watu wengi kujua. Ubapa unaobanwa ni wa juu, na juu yake kuna sakafu ya zege au vyuma vya paa vinavyoushika kila baada ya hatua chache. Ukitaka kutoroka upande, hauna pa kwenda.

Sasa chukua boriti inayopita juu ya nguzo na kuchomoza nje. Weka mzigo kwenye ncha yake. Ncha hushuka, na pale juu ya nguzo boriti hufanya mgongo. Ubapa wa juu ndio unaovutwa, nao wa chini ndio unaobanwa.

Paa bado limeshika ubapa wa juu, lakini ubapa wenye shida ni wa chini, na huo uko wazi, haujashikwa na chochote. Wala hali hii haiishii kwenye ncha pekee. Huingia pia ndani, upande wa pili wa nguzo, hadi umbali fulani kuelekea katikati ya jengo.

Fundi aliyezoea boriti za kawaida anaweza kutazama juu, akaona vyuma vya paa vimefungwa sawasawa, akaridhika. Ameangalia upande usiohusika.

Msomaji anaweza kujionea haya kwa rula ya plastiki. Isimamishe kwa ukingo wake mwembamba, ubane mwisho mmoja kwenye kona ya meza kwa vidole, kisha usukume ncha iliyo nje kuelekea chini. Ukiibana kwa nguvu, itakuhimili vizuri. Ukilegeza vidole hata kidogo, itageuka ubavu papo hapo. Rula ni ileile, na mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni jinsi ilivyoshikwa pale kwenye egemeo.

MITA TATU ZINAZOHESABIWA TISA

Ukubwa wa tofauti hiyo unaweza kupimwa kwa tarakimu. Kanuni ya Uingereza iitwayo BS 5950, toleo la mwaka wa 2000, ambayo ilitumiwa kwa miaka mingi na wahandisi wengi nchini Kenya, ilikuwa na jedwali mahususi la boriti zinazochomoza. Jedwali hilo lilimwambia mhandisi ahesabu ncha kana kwamba ina urefu gani, kulingana na inavyoshikiliwa.

Tuseme ncha inachomoza mita 3, na mwisho wake uko huru. Ikiwa boriti inapita juu ya nguzo na pale juu ni ubapa wa juu pekee ulioshikwa usiende upande, ncha hiyo ilipaswa kuhesabiwa kana kwamba ina mita 9. Ni mara tatu ya urefu wake halisi.

Ikiwa pale kwenye nguzo boriti imezuiwa kwenda upande na kuzuiwa pia kujisokota, urefu wa kuhesabia ulishuka hadi mita 3 zilezile. Na ikiwa imekazwa kabisa hata isiweze kuzunguka kwa namna yoyote, ulishuka hadi mita 2.4.

Tofauti kati ya mita 9 na mita 3 si ndogo. Kwa boriti ndefu na nyembamba, urefu wa kuhesabia ukiongezeka mara mbili, mzigo wa kuisokota hupungua hadi karibu nusu, na katika baadhi ya maumbo hukaribia robo.

Jedwali hilo lilikuwa na funzo jingine. Je, tukiiacha nguzo ilivyo na badala yake tushike mwisho wa ncha, tusiuruhusu kwenda upande wala kujisokota? Urefu wa kuhesabia ungeshuka kutoka mita 9 hadi mita 6.3 pekee. Kwa maneno mengine, kazi yote ya kufunga vyuma huko mwishoni haiwezi kufidia uzembe uliofanywa juu ya nguzo.

BS 5950 iliondolewa rasmi mwaka wa 2010 na nafasi yake ikachukuliwa na Eurocode 3, ambayo humwachia mhandisi kazi ya kukokotoa mwenyewe mzigo wa kusababisha msokoto. Njia imebadilika, lakini tabia ya chuma haijabadilika.

MZIGO JUU AU CHINI

Mahali mzigo unapokaa pia ni muhimu. Mzigo ulioning'inizwa kwenye ubapa wa chini huisaidia boriti. Ikianza kuinama, mzigo huivuta irudi wima kama timazi ya mwashi.

Mzigo uliowekwa juu ya boriti, ikiwa hakuna kinachouzuia kusogea pamoja nayo, hufanya kinyume. Boriti ikiinama kidogo, mzigo nao huhama upande ule ule na kuzidi kuisukuma. Ni kama mtu aliyejitwika mtungi uliojaa: akiyumba, mtungi humyumbisha zaidi.

Kwa mzigo wa namna hiyo, jedwali tulilolitaja liliagiza ile ncha ya mita 3, iliyoshikwa kwenye ubapa wa juu pekee, ihesabiwe kana kwamba ina mita 22.5.

Mwenye jengo anayepandisha tangi la maji juu ya paa linalochomoza yafaa alikumbuke hilo. Tangi la lita 1,000 likijaa, maji pekee yana uzito wa kilo 1,000. Uzito huo ukiwekwa karibu na ncha, juu ya boriti isiyoshikwa vizuri, huwa umeongeza mzigo na kuuweka mahali pabaya kwa wakati mmoja.

UCHUMI ULIOLETA HATARI

Huenda msomaji akauliza kwa nini wahandisi huchagua mtindo huu iwapo una matata kiasi hicho. Jibu ni kwamba ni mtindo wa kuokoa chuma.

Mwaka wa 1866, mhandisi Mjerumani Heinrich Gerber alipata hataza ya mtindo ambao boriti hupita juu ya nguzo na kuchomoza pande zote, kisha boriti fupi ikaning'inizwa kati ya ncha mbili zinazotazamana. Viungo vikiwekwa mahali panapofaa, nguvu kubwa kabisa ya kupinda hupungua hadi nusu ya ile ambayo ingeipata boriti ya kawaida yenye urefu sawa na mzigo uliosambaa sawasawa.

Nusu ya nguvu ya kupinda inamaanisha boriti nyepesi zaidi na gharama ndogo. Si ajabu kwamba mtindo huo ulienea katika maduka makubwa na maghala ya Amerika Kaskazini. Paa la Burnaby lilijengwa kwa mtindo huo.

Hata hivyo, akiba hiyo ina sharti. Nguvu za kupinda ambazo zimeondolewa katikati ya boriti zimehamishiwa juu ya nguzo, mahali ambapo ubapa wa chini unabanwa. Tena, boriti ikiwa imekaa tu juu ya kichwa cha nguzo, kiungo hicho chenyewe kinaweza kuyumba. Nguzo haina nguvu ya kuishikilia boriti, na boriti haina nguvu ya kuishikilia nguzo. Kila moja inamtegemea mwenzake ambaye naye anateleza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Burnaby. Boriti iliyokuwa ndogo kuliko inavyofaa ilikutana na kiungo kisichoshikiliwa, na hapakuwa na kitu cha tatu cha kuokoa hali.

Tume ilitazama pia mambo yaliyo nje ya hesabu za chuma, hasa namna michoro ilivyokaguliwa kabla ya ujenzi. Baada ya mkasa huo, mkoa wa British Columbia uliimarisha masharti yake, yakiwemo yale ya wataalamu kutia sahihi barua za kuthibitisha kwamba wamesanifu na kukagua kazi inayowahusu.

DAWA YAKE

Habari njema ni kwamba msokoto wa kando hauhitaji dawa ya bei ghali. Jambo la kwanza ni kuhakikisha boriti haiwezi kujisokota pale juu ya nguzo. Kwa kawaida, vipande vya bamba la chuma huchomelewa pande zote mbili za kiuno, kutoka ubapa wa juu hadi wa chini, juu kabisa ya nguzo. Hivyo bapa zote mbili na kiuno husimama kama kitu kimoja.

Bamba hizo peke yake hazitoshi ikiwa boriti nzima na kichwa cha nguzo vinaweza kuyumba pamoja. Ni sharti kiungo hicho kizuiwe na kitu kingine, kwa mfano boriti nyingine inayokatiza hapo hapo na kufungwa kwa bolti imara, au vyuma vya mshazari vinavyotoka kwenye ubapa wa chini hadi kwenye vyuma vya paa vilivyo juu.

Jambo la pili ni kushika ubapa wa chini katika sehemu ya ndani iliyo karibu na nguzo, mahali ambapo bado unabanwa.

Jambo la tatu linahusu ncha yenyewe, na hapa kuna mtego. Mtu angedhani kwamba huko nako ni ubapa wa chini, unaobanwa, ndio wa kushikwa kwanza. Kumbe katika ncha iliyokazwa vizuri kwenye nguzo na iliyo huru mwishoni, ubapa wa juu ndio husogea zaidi boriti inapojisokota. Kuushika huo kwenye mwisho wa ncha huleta faida kubwa kuliko kuushika wa chini. Kwa hiyo, kanuni salama ni kuzuia msokoto wenyewe, yaani kushika bapa zote mbili, badala ya kubahatisha ni upi wenye hatari.

Njia nyingine ni kuchagua umbo. Chuma cha mraba au mstatili kilicho wazi ndani, kama bomba, hustahimili msokoto kuliko umbo la I. Kunja karatasi iwe bomba kisha uisokote: italegea mara moja. Ibandike kwa gundi pale kingo zinapokutana, nayo itakuwa ngumu ajabu. Katika chuma, bomba lililofungwa na lile lililopasuliwa kwa urefu wake huweza kutofautiana mara mamia kwa ukinzani wa msokoto.

HATARI WAKATI WA UJENZI

Wakati mwingine boriti iliyosanifiwa vyema huanguka kabla jengo halijakamilika. Sababu ni kwamba msanifu alitegemea zege au vyuma vya paa viishike, na siku inaposimamishwa vitu hivyo havijawekwa bado.

Mnamo Machi 2015, boriti kadhaa za daraja lililokuwa likijengwa mjini Edmonton, Kanada, zilipinda upande zikiwa tayari zimepandishwa kwenye nguzo zake. Hazikuwa zimeunganishwa vya kutosha. Hakuna aliyeumia, lakini kazi ilicheleweshwa.

Kwa sababu hiyo, mafundi hawapaswi kuondoa kamba za kreni kabla boriti haijafungwa, wala kupanga shehena ya mabati au saruji kwenye ncha inayochomoza kabla vyuma vya kuishikilia havijakamilika.

Upepo nao ni wa kuangaliwa. Paa jepesi la mabati linaweza kuvutwa juu na dhoruba. Hapo mambo yote hugeuka: mahali palipokuwa pakibanwa huvutwa, na palipokuwa pakivutwa hubanwa. Boriti ambayo ilikuwa salama chini ya uzito wa paa lake huenda isiwe salama paa hilo linapotaka kupaa.

MASWALI YA MWENYE JENGO

Mwenye jengo hahitaji kujua hesabu ili kujilinda. Kuna maswali machache anayoweza kumwuliza mhandisi wake kabla ya kulipa. Boriti inapopita juu ya nguzo, ni nini kinachouzuia ubapa wa chini kwenda upande? Je, bamba za kuimarisha zimeonyeshwa katika mchoro, na fundi amezichomelea pande zote mbili? Boriti itashikwa na nini wakati wa ujenzi? Je, uzito wa tangi, bango la matangazo au mitambo ya juu ya paa umehesabiwa?

Nchini Kenya, Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011 inataka kazi za kihandisi zifanywe na waliosajiliwa na Bodi ya Wahandisi, nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wanakandarasi. Kumwona mtaalamu aliyesajiliwa huongeza gharama mwanzoni, ila ni gharama ndogo kuliko ya kuinua paa lililoanguka.

Mabadiliko ya baadaye ni hatari vilevile. Fundi anayekata chuma cha mshazari kwa kuwa kinazuia mlango, au anayeondoa ukuta uliokuwa ukiishika boriti, huenda anaondoa kitu pekee kilichoizuia isijisokote. Boriti haitalalamika siku hiyo. Itasubiri mzigo.

Dalili zinapojitokeza hazipaswi kupuuzwa: ubapa wa chini ulioanza kukunjamana au kupinda karibu na nguzo, boriti iliyoinama ubavu ukiitazama kutoka mwisho wake, bolti zilizolegea, au mlio wa ghafla kutoka darini. Anayeona dalili kama hizo awaondoe watu kwanza, kisha amwite mhandisi. Kule Burnaby, mlio mmoja na uamuzi wa haraka wa kuwatoa watu ndivyo vilivyotenganisha majeruhi 21 na msiba mkubwa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa boriti inayochomoza, ufa wenyewe huenda usionekane. Cha kuziba ni ile nafasi ndogo iliyo wazi juu ya nguzo, ambapo vipande viwili vya bamba na bolti chache hutosha kuifanya boriti ibaki wima.